Kitufe Kilichopiga Kelele

Dominika ya 3 ya Mwaka C wa Kanisa
Masomo: Neh 8:2-6, 8-10, 1 Kor 12:12-30, Lk 1:1-4, 4:14-21





Dominika hii ya 3 tangu mwaka 2019 inaitwa pia Dominika ya Neno la Mungu, kwa agizo la hayati Baba Mtakatifu Fransisko. Masomo yake yanatuonyesha jinsi Neno hilo linavyofanya kazi. Katika somo la kwanza, Ezra anasoma Torati mbele ya watu waliorudi kutoka uhamishoni, nao wanalia. Lakini wanaambiwa wasihuzunike, bali wale, wanywe, na wampelekee sehemu asiyeandaliwa kitu. Katika Injili, Bwana wetu anasimama katika sinagogi la Nazareti, anasoma habari ya maskini na wafungwa na vipofu, kisha anasema kwamba jambo hilo limetimia siku ile ile. Na katika somo la pili Mtume Paulo anawafundisha Wakorinto kwamba sisi tu mwili mmoja wenye viungo vingi, wala kiungo kinachoonekana dhaifu si cha kutupwa.

Leo tungependa kulieleza fundisho hilo la Mtume Paulo kwa kutumia kinanda. Na hatutaeleza kinanda cha kuwazia. Tutaeleza kinanda kimoja cha umeme cha parokia moja tuliyowahi kuitumikia, na kosa tulilolitenda mbele yake. Tunalisema hadharani kwa sababu tulilitenda hadharani.

Kinanda hicho kilikuwa cha kawaida, kama vile mnavyoviona katika makanisa yetu mengi. Kilikuwa na vitufe 61, yaani vile vibao vinavyobonyezwa kwa vidole: vyeupe 36 na vyeusi 25. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Hati juu ya Liturujia ya mwaka 1963, uliipa heshima kubwa ogani ya mabomba, ukaruhusu na vyombo vingine vinavyofaa kwa ibada. Sisi hatukuwa na ogani ya mabomba. Tulikuwa na ngoma, kayamba, na kinanda hicho. Mpigaji wake alikuwa kijana aliyejifunza mwenyewe, mtulivu, mwenye kufika kanisani kabla ya mwenye kupiga kengele.

Ikatokea Dominika moja, wakati wa komunyo, kwaya ikiimba taratibu na watu wakiwa katika sala, sauti moja ya kinanda ikalipuka juu ya nyingine zote. Watu wakashtuka. Dominika iliyofuata ikatokea tena, sauti ile ile. Dominika ya tatu, tena. Tulipofika kwenye matangazo tulisimama na kusema kwamba kanisa si ukumbi wa dansi, na kwamba anayetafuta sifa kwa vidole vyake akazitafute mahali pengine. Hatukumtaja jina, lakini macho yote yaligeuka upande wa kwaya. Na watu wakacheka.

Kijana yule alimaliza wimbo wa mwisho. Akazima kinanda, akakifunika kitambaa chake, akaweka ufunguo wa kabati juu ya meza ya sakristia, akaondoka. Dominika iliyofuata hakuja, wala iliyoifuata hiyo. Wahenga walisema: heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Sisi tulikuwa tumejikwaa ulimi, na bado tulijiona tumesimama wima.

Baada ya wiki nne, mtawa mmoja aliyekuja kuitembelea parokia akaombwa apige kinanda. Sista huyo alijulikana kwa upole wa vidole vyake. Ilipofika komunyo, sauti ile ile ikalipuka mikononi mwake.

Ndugu wapendwa, hapo ndipo tulipoagiza aitwe fundi. Na tukiri ukweli wote: hata wakati huo, moyoni tulitumaini kwamba fundi angeona alama fulani ya uharibifu wa yule kijana, ili tupate pa kujisitiri.

Fundi alikuwa mzee anayetengeneza redio sokoni. Alichomoa waya wa umeme, akatoa na betri, akakilaza kinanda kifudifudi juu ya blanketi. Skrubu zilikuwa nyingi na za urefu tofauti. Akazipanga juu ya karatasi kwa mfano wa mahali zilipotoka, kwa kuwa skrubu ndefu ikiingizwa mahali pa fupi huweza kutoboa kilicho ndani. Akainua kifuniko polepole, akichunga nyaya nyembamba zinazounganisha upande mmoja na mwingine. Kisha akatuita tuone.

Chini ya vitufe umelala utepe wa mpira wenye vivimbe vidogo, kimoja chini ya kila kitufe. Ndani ya kila kivimbe mna vijidonge viwili vyeusi vyenye kaboni. Kitufe kinapobonyezwa, kivimbe hushuka, na vijidonge hivyo hugusa bodi yenye njia za umeme. Lakini havigusi kwa pamoja: kimoja hutangulia, cha pili hufuata. Kinanda hupima muda ulio katikati ya miguso hiyo miwili, muda mdogo sana. Ukiwa mfupi, kinajua kwamba kidole kimeshuka kwa nguvu, nacho hutoa sauti kubwa. Ukiwa mrefu, kinajua kwamba kidole kimeshuka kwa upole, nacho hutoa sauti ndogo. Basi mguso mmoja ukizibwa na uchafu, kipimo huharibika. Pengine kitufe hunyamaza kabisa. Pengine hutoa sauti yake yote kwa kishindo, hata kama aliyekibonyeza ni mtoto mchanga.

Fundi akakifunua kivimbe cha kitufe kile kilichopiga kelele, ambacho wapiga kinanda hukiita A, karibu na katikati. Kijidonge kimoja kilikuwa kimefunikwa na utando wa sukari iliyokauka, na vumbi limenata juu yake. Akasema: "Baba Paroko, hata ningekibonyeza kwa unyoya wa kuku, kingepiga kelele. Huyu mpigaji wenu hakuwa na kosa. Hapa palimwagika kitu kitamu."

Nasi tulijua palimwagika nini, na nani alimwaga. Miezi michache kabla, siku ya sherehe ya somo wa parokia, sisi wenyewe tuliweka glasi ya maji ya matunda juu ya kinanda tukipokea salamu za waumini. Ikaanguka. Tukachukua kitambaa, tukapangusa juu, vitufe vikang'aa, tukaendelea na sherehe. Tulipangusa kilichoonekana. Kilichoshuka ndani hatukukijali.

Wapendwa, fundisho la kwanza ndilo hili: tufungue kabla ya kuhukumu. Yupo mtoto anayejibu kwa ukali darasani la katekesi. Tunasema hana adabu. Yupo mama anayelia ovyo katika jumuiya ndogo ndogo; tunasema anapenda kuonekana. Yupo mzee aliyenyamaza miaka miwili, hapokei Sakramenti wala haji kwenye kazi za parokia. Tunasema imani yake imekufa. Tunasikia kelele au tunasikia kimya, na papo hapo tunamtafuta mwenye hatia. Mara nyingi anayepiga kelele amemwagiwa kitu siku nyingi zilizopita, na huenda aliyemwaga ni yule yule anayemkaripia. Bwana wetu, katika Injili ya Mathayo sura ya 18, ametufundisha tukianza kumwonya ndugu twende kwake faraghani, sisi na yeye peke yetu. Sisi tulianza na kanisa zima. Tungalikwenda faraghani, tungaliambiwa ukweli kwa dakika tano.

Tuendelee na kazi ya fundi, kwa maana wengi wenu mna vinanda vya namna hii na mnatamani kujua. Hakukwangua kwa kisu wala kwa msasa, kwa sababu kaboni ile ni tabaka jembamba, na ikiondoka hairudi kwa urahisi. Hakutumia petroli wala mafuta ya taa, kwani huacha mabaki na kuharibu mpira na plastiki. Alichovya kitambaa safi kisichotoa nyuzi katika spiriti kidogo sana, akaipangusa bodi. Vijidonge vya mpira akavipangusa kwa wepesi zaidi, mara moja, mara mbili. Kisha akaketi na kungoja vikauke. Tulimhimiza amalize. Akajibu kwamba ukifunga kinanda kikiwa na unyevu, umefungia ndani ugonjwa mpya.

Aliporudisha utepe wa mpira alihakikisha kila kipini chake kidogo kimeingia katika tundu lake. Mpira ukikaa upande, sauti hutoka mara mbili au haitoki. Na kabla ya kufunga skrubu zote alikiwasha, akajaribu vitufe vyote 61, kimoja kimoja, kwa upole na kwa nguvu, si kile kilichokuwa kibovu peke yake. Hapo alitufundisha jambo ambalo sisi wachungaji twasahau: ukishughulika na kondoo mmoja, usiwaache wengine bila kuwatazama.

Katika kuvijaribu, aligundua kitufe kingine, cha E, kimezama kidogo kuliko wenzake. Shingo yake ya plastiki, kule nyuma kinaposhikwa, ilikuwa na ufa, na mtu alikwisha kuipaka gundi. Gundi haikudumu. Fundi alieleza kwamba sehemu ile hupindika kila kitufe kinapobonyezwa, na gundi kavu haipendi kupindika. Usipoziba ufa utajenga ukuta, ni kweli; lakini ufa unaozibwa juu juu hufunguka tena.

Tukamwuliza kama hawezi kuchukua kitufe chochote cha pembeni na kukiweka pale. Akatabasamu. Akavitoa viwili, akavilaza mezani, G na A, ambavyo kwa haraka vinafanana kabisa. Kisha akatuonyesha kwamba pengo la kila kimoja limekatwa kwa kufuata vitufe vyeusi vilivyo jirani yake. G haiingii mahali pa A. Nafasi ya E huchukuliwa na E tu. Basi akaitoa E ya mwisho kabisa upande wa kulia, ambayo nyimbo zetu haziigusi, akaileta katikati. Ile yenye ufa akaiimarisha kwa kipande chembamba cha plastiki, akaipeleka pembeni, mahali ambapo haitabonyezwa kila siku. Hakuna kilichotupwa.

Mfano huu tusiuvute kupita kiasi, kwani mtu si plastiki, wala hatuwapeleki pembeni waliovunjika. Lakini tushike hili: kila kitufe kimechongwa kwa umbo la majirani zake. Ndivyo Mungu alivyotupanga katika mwili wa Kristo. Mtume Paulo anauliza kama wote ni mitume, kama wote ni walimu, kama wote hunena kwa lugha. Jibu ni hapana, wala si lazima. Sisi tulipompoteza kijana yule tulidhani tatizo ni dogo: atapatikana mpigaji mwingine. Ndiyo, alipatikana mwingine. Lakini yule aliyekuwa akifika kabla ya kengele hakupatikana, na nafasi yake katika benchi la kwaya ilibaki imekatwa kwa umbo lake.

Basi jioni ile ile, fundi alipokwisha kulipwa, tulikwenda nyumbani kwa kijana. Injili ya Mathayo sura ya 5 yatuagiza tuiache sadaka mbele ya altare, twende kwanza tukapatane na ndugu mwenye neno juu yetu. Sisi tulikuwa tumetolea sadaka Dominika nne huku ndugu yetu ana neno juu yetu. Tulimkuta mama yake akipukuchua mahindi uani. "Karibu, Baba," akasema, akatupa kigoda, bila kutuuliza tumefuata nini. Kijana akatoka, akatusalimu: "Tumsifu Yesu Kristo, Padre."

Tulimweleza yote: sukari, glasi, na maneno yetu. Tulimwomba msamaha. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema: "Padre, niliwaambia viongozi wa kwaya kwamba kitufe kina shida. Wakaniambia nisitafute kisingizio." Na baada ya kimya kingine: "Mimi nimekusamehe, Padre. Lakini watu walicheka."

Ndugu wapendwa, maneno hayo mawili ya mwisho tumeyabeba hata leo. Watu walicheka. Tulidhani tumemaliza kwa kuomba radhi uani, kumbe tulikuwa tumepangusa juu tu kwa mara nyingine. Kosa lililofanyika mbele ya watu halifutwi kwa siri. Anayeungama wizi hurudisha alichoiba. Na aliyeiba jina jema la mwenzake atalirudisha mahali pale pale alipolichukulia.

Dominika iliyofuata, wakati ule ule wa matangazo, tuliwaeleza waumini habari ya kitufe, ya sukari na ya glasi, nasi tukasema kwamba aliyestahili karipio lile ni sisi. Hakuna aliyecheka. Kijana hakuwapo siku hiyo. Alirudi baadaye, akaketi benchi la nyuma karibu na mlango, wiki kadhaa. Hatukumhimiza, kwa kuwa fundi alikwisha kutufundisha kungoja kitu kikauke. Aliporudi kwenye kinanda ilikuwa Dominika ya 4 ya Kwaresima, Dominika ya Furaha, siku ambayo Kanisa huruhusu kinanda kipigwe hata pasipo kusindikiza wimbo. Alipiga kidogo tu, kwa upole. Ile A ya katikati ilitoka kama wenzake. Hata hivyo, wako miongoni mwa waliocheka ambao hawajamwendea mpaka leo. Na huenda baadhi yao wanatusikiliza.

Sasa tufanye nini? Tuchukue mambo matatu kwa juma hili.

La kwanza ni la kwaya na walinzi wa mali ya Kanisa. Kinanda kifunikwe kwa kitambaa kikavu kila baada ya ibada. Kisiwekewe mshumaa, wala maua, wala kinywaji, hata kama mwenye kinywaji ni paroko. Mpigaji akisema kitufe kina shida, asikilizwe siku hiyo hiyo. Na kabla ya kuchangisha fedha za kinanda kipya, aitwe fundi afungue cha zamani. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato si' wa mwaka 2015, alituonya juu ya utamaduni wa kutupa, ambao huanza na vitu na kuishia kwa watu. Mara nyingi kinachohitajika ni kitambaa, spiriti kidogo, na saa mbili za uvumilivu.

La pili ni la makatekista na viongozi wa jumuiya. Chagueni mtu mmoja ambaye sauti yake katika kigango chenu imekuwa kelele au imekuwa kimya. Msimjadili katika kikao. Mwendeeni nyumbani, mketi juu ya kigoda mtakachopewa, mmwulize, mmsikilize mpaka mwisho. Ezra aliwasomea watu Neno nao wakalielewa. Lakini siku ile haikuisha mpaka asiyeandaliwa kitu alipopelekewa sehemu yake. Yule asiyekuja ibadani naye ana sehemu yake, na ni sisi wa kuipeleka.

La tatu ni letu sote, mapadre tukiwa wa kwanza. Tutafute ndani yetu ule utando wa sukari uliokauka: neno tulilolimwaga tukiwa katika sherehe zetu, tukapangusa juu, tukasahau. Sakramenti ya Kitubio ipo ili tufunguliwe, tusafishwe, tujaribiwe upya. Kidole kimoja hakivunji chawa, wala kitufe kimoja hakipigi wimbo. Lakini kitufe kimoja chatosha kuwanyamazisha watu wanaosali, na neno moja latosha kumtoa mtu kanisani.

Kristo alisimama Nazareti akasema kwamba Maandiko yametimia leo. Hakusema kesho. Kama yuko aliyefungwa na kicheko chetu, afunguliwe leo.

Tuombe. Ee Bwana, wewe uliyetupanga viungo katika mwili mmoja, utujalie masikio ya kusikia kabla ya kinywa cha kuhukumu. Wale tuliowanyamazisha, utusaidie kuwaendea. Wale waliotusamehe, uwalipe kwa wema wako. Na sauti zetu zote, kubwa na ndogo, zikusifu wewe unayeishi na kutawala daima na milele. Amina.

Dominika njema, wapendwa. Mungu awabariki.